Plasta ya Pili

Jumanne moja ya Februari, Hilda Gawlik alisema uongo mbele ya muuguzi, na akashangaa jinsi ulivyomtoka bila kigugumizi.

"Mlipewa tano," alisema muuguzi Marzena, akizigusa pakiti moja moja kwa kucha. "Mbili zimetumika, hizi hapa. Mbili hazijafunguliwa. Ya tano iko wapi, Bi Gawlik?"

"Niliikata na mkasi wakati nafungua pakiti. Ikachanika, nikaitupa jikoni."

"Kwenye takataka?"

"Kwenye moto. Jiko letu ni la makaa."

Marzena akaweka kalamu chini. Hakuwa amefika miaka thelathini, na alikuwa na sauti ya mwalimu wa darasa la pili.

"Bi Gawlik, hii si karatasi ya sukari. Kila plasta ina namba yake. Ikichanika mnairudisha. Ikianguka bafuni mnairudisha. Mbwa akiitafuna, mleteni mbwa. Niliwaambia, sikuwaambia?"

"Ulituambia."

"Na nani alitia sahihi kwamba ameelewa?"

"Mume wangu."

"Haya."

Kwenye benchi, wagonjwa wawili walikuwa wameacha mazungumzo yao ili wasikie vizuri. Hilda alihisi masikio yanawaka. Pembeni yake Teofil alikuwa amesimama, kofia mkononi, akimtazama mkewe kwa mshangao. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi kumwona akichana kitu kwa bahati mbaya. Kisha akaitazama kofia yake, na Marzena akaandika kwenye fomu: imeharibika, haikurudishwa.

Plasta ilikuwa nzima. Ilikuwa kabatini nyumbani, ndani ya kopo la unga wa viazi. Hilda mwenyewe hakuweza kueleza vizuri kwa nini aliificha. Alikuwa amekulia kwenye foleni, foleni ya sukari, foleni ya nyama, foleni ya sabuni, na mtu wa rika lake kitu kizuri kikiingia nyumbani hutenga kidogo pembeni kabla hakijaisha. Na plasta ile ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyoingia nyumba ile kwa muda mrefu.

Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu dari la mgodi limwangukie Teofil. Walimpasua mgongo mara mbili na mara zote mbili wakasema upasuaji umefanikiwa. Baada ya hapo alilala sakafuni kwa sababu kitanda kilimuumiza, alikula amesimama kwa sababu kiti kilimuumiza, na vidonge vilimwasha tumbo bila kumtuliza mgongo. Ndipo kliniki ya maumivu ilipotafuta watu wa kujaribia plasta mpya, watu wenye maumivu ya siku nyingi yasiyo ya saratani. Nusu ya wachimbaji wastaafu wa mtaa wao wa matofali mekundu waliomba. Teofil alikubaliwa.

Marzena aliwaeleza utaratibu siku ya kwanza, akiwachorea kwenye karatasi. Dawa ilikuwa ya ukoo wa mofini, inapenya ngozini polepole. Plasta moja kwa siku tatu, moja tu kwa wakati. Marufuku kuweka chupa ya maji ya moto juu yake, maana joto huisukuma dawa mwilini kwa kasi.

"Mwezi wa kwanza wote mnapata dawa yenyewe. Watakaopata nafuu wanaingia hatua ya pili. Hapo kompyuta inapiga kura. Nusu wanaendelea na dawa, nusu wanapunguziwa taratibu hadi wabaki na plasta tupu. Sura ile ile, gundi ile ile. Mimi sitajua nani kapata nini, na daktari hatajua."

"Sasa nani atajua?" aliuliza Teofil.

"Orodha imo kwenye bahasha. Haifunguliwi ila maisha ya mtu yakiwa hatarini."

"Bahasha ina bahati," Teofil alisema, na hata Marzena akacheka.

*

Mwezi ule wa kwanza Hilda aliishi na mwanamume aliyekuwa amemsahau. Kila jioni Teofil alipaswa kuandika kwenye daftari maumivu ya siku hiyo, kuanzia sifuri hadi kumi. Alianza na nane. Wiki ya pili aliandika tano, ya tatu akaandika tatu, na akaitazama ile tatu kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Alipanda ngazi hadi darini kwa njiwa wake, ambao kwa miaka walikuwa wakilishwa na Hilda, na akarudi chini na manyoya nywelini akilalamika kwamba banda limekuwa jalala. Alikaa kitini misa nzima. Siku moja Hilda akiwa anakaanga vitunguu alihisi mkono kiunoni.

"Wewe mzee, una nini?"

"Nina mke," alijibu Teofil.

Vitunguu viliungua siku ile, na hakuna aliyelalamika.

Hatua ya pili ilianza Machi. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa sawa. Kisha kwenye daftari ikatokea nne. Ikafuata tano, tena tano, sita. Teofil aliacha kupanda kwa njiwa, akisema ngazi zina baridi. Hilda akaona ameanza tena kula amesimama.

"Umepewa tupu," alimwambia siku alipoandika saba.

"Hatujui."

"Mimi najua. Nakuona."

"Hilda, nilitia sahihi. Acha."

Asiyekuwa na shaka yoyote alikuwa Ernest Piecha wa ghorofa ya chini, ambaye alichimba makaa pamoja na Teofil na sasa alikuwa kwenye majaribio yale yale kwa ajili ya magoti yake. Aliwakuta kwenye ngazi Ijumaa moja, Teofil akipumzika kila baada ya ngazi mbili.

"Teo! Mbona unapanda kama umebeba kabati?"

"Nimebeba. Limejaa nguo za mke wangu."

"Mimi jana nimelima bustani nzima. Muulize mke wangu Truda. Ameniambia niache, nitajiua. Nikamwambia mwanamke, niache nijiue, raha yake huijui." Ernest akapiga goti lake kofi. "Unajua wewe wamekubandika nini? Karatasi ya bucha. Ile ya kufungia nyama. Yenyewe ninayo mimi!"

Teofil alicheka pamoja naye. Alicheka vizuri, kwa sauti, mpaka Ernest alipofunga mlango wake. Kisha walipoingia ndani alikaa jikoni na koti lake mwilini, na Hilda alipotaka kumvua akausukuma mkono wake.

*

Jumanne iliyofuata walimwomba daktari. Daktari Sobczak alikuwa mtu wa adabu, mwenye viatu vilivyong'aa, na aliwasikiliza hadi mwisho.

"Katika hatua hii siruhusiwi kuongeza wala kubadilisha, Bwana Gawlik. Lakini unaweza kujitoa. Ni haki yako, na hakuna atakayekulaumu."

"Nikijitoa mtanipa ile yenyewe?"

"Ukijitoa unarudi kwenye vidonge vyako."

"Vile nilivyokuwa nalia navyo."

"Plasta za aina hii zipo kwenye maduka ya dawa. Tatizo ni bima. Inalipia wagonjwa wa saratani. Kwa mgongo, mtu analipa mwenyewe."

Alitaja bei ya mwezi. Ilikuwa zaidi ya nusu ya pensheni ya Teofil.

"Kwa hiyo ningekuwa na saratani, ningepewa," alisema Teofil.

"Usijiapize!" Hilda alimkatiza.

"Najiapiza nini? Nauliza tu. Daktari, ndivyo?"

Daktari alipanga karatasi zake, ingawa zilikuwa zimepangika. "Ndivyo sheria ilivyo," alisema. "Endeleeni na daftari. Mnatusaidia sana. Mnawasaidia watu wengi watakaokuja."

Nje, kwenye kituo cha tramu, Teofil alishika nguzo kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Mwanamke mmoja aliyebeba kikapu alimvuta mtoto wake pembeni na kunong'ona, akidhani amelewa. Hilda alimsikia. Teofil naye alimsikia.

Ni pale kituoni ambapo Hilda alikata shauri.

*

Hakumwambia. Alijua angekataa, au vibaya zaidi, angekubali halafu akaandika kwenye daftari, maana alikuwa mtu wa namna hiyo: kwenye mgodi aliwahi kurudisha mshahara waliomzidishia. Hilda aliona kwamba dhambi hii aibebe peke yake. Na hesabu yake ilikuwa rahisi. Iliyoko mgongoni ni tupu. Akiongeza yenyewe, ile ya mwezi wa kwanza, juu ya tupu, jumla ni moja.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Teofil alilala ubavu juu ya kochi, uso ukutani, fulana imepanda. Plasta ya siku zile tatu ilikuwa begani kulia. Hilda alitoa pakiti kwenye kopo, akaipangusa unga, akaikata kwa uangalifu mkubwa, mbali kabisa na plasta yenyewe. Alipiga magoti. Akaipasha mikono kwanza kwapani ili isimshtue kwa ubaridi. Kisha akaibandika chini kidogo ya shingo, mahali ambapo Teofil hawezi kupaona wala kupafikia, na kuikandamiza kwa kiganja huku akihesabu hadi thelathini kama Marzena alivyowafundisha. Teofil alipumua kwa nguvu na hakugeuka.

Jioni alikula amekaa. Aliandika nne. Hilda alikuwa amegeukia sinki akiosha sufuria, na machozi yalimdondokea kwenye maji ya sabuni.

"Bado pale chini panavuta," Teofil alisema kabla ya kulala. "Niwekee chupa ya maji."

Alisita. Lakini onyo la Marzena lilikuwa la plasta, na plasta zilikuwa juu, chupa itakaa chini kiunoni. Alimjazia, akaifunga kwa taulo.

Asubuhi ya Jumapili aliamka kutengeneza madonge ya viazi na nyama ya kuviringisha kabla ya misa. Teofil alikuwa bado amelala, anakoroma, na Hilda alifurahi kumsikia. Alimenya viazi. Alipokuwa anakatakata kabichi nyekundu akagundua kwamba mkoromo umenyamaza. Ukarudi, mzito, wenye maji maji. Ukanyamaza tena. Alisimama na kisu mkononi akisubiri, na kungoja kukawa kurefu mno.

Chumbani alimkuta Teofil ameteleza chini ya blanketi, chupa ya maji imepanda hadi mabegani, uso wa rangi ya majivu, midomo ya samawati. Alimtikisa. Alimpiga kofi. Alifunua kope moja, akaona mboni ndogo kama ncha ya sindano.

"Teo! Teofil! Pumua, we mwanamume, pumua!"

Akavuta pumzi moja, kama mtu aliyeamriwa. Hilda alimgeuza, akazing'oa plasta zote mbili kwa kucha, akafungua mlango na kupiga kelele ngazini. Ernest Piecha alipanda na suti yake ya kanisani, akaita gari la wagonjwa, kisha akakaa kitandani akimzaba Teofil makofi na kumtukana kwa matusi ya mgodini ili asilale, huku machozi yakimtoka.

*

"Amekunywa pombe?" aliuliza mtu wa gari la wagonjwa. "Vidonge vya usingizi?"

"Nimembandika ya pili," Hilda alisema.

"Ya pili ya nini?"

Alifungua kiganja. Plasta mbili zilikuwa zimegandana humo, zimeshika vipande vya kabichi.

Walimchoma sindano ya kukata nguvu ya dawa pale pale, na Teofil akafumbua macho, akatapika, akauliza kwa nini Ernest amevaa tai. Hospitali ilimlaza. Daktari Sobczak aliitwa kutoka nyumbani, akaja na sweta na viatu visivyong'aa. Alimhoji Hilda kwenye korido, amesimama, watu wakipita na maua ya wagonjwa wao.

"Ilitoka wapi?"

"Ni ile niliyosema imechanika."

"Ulimbandika saa ngapi?"

"Saa nane mchana, jana."

"Na joto? Uliweka kitu cha joto?"

"Chupa ya maji ya moto."

"Mungu wangu, mama! Baada ya yote mliyoambiwa?"

"Nilidhani ile nyingine ni tupu."

Daktari alisubiri muuguzi mmoja apite. Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Tumefungua bahasha. Haikuwa tupu."

"Ipi?"

"Zote. Mume wako alikuwa anapata dawa. Tangu siku ya kwanza hadi leo."

"Haiwezekani. Alikuwa anaumwa."

"Alikuwa anaumwa, na dawa ilikuwa mwilini. Hutokea. Mwili unaizoea, nguvu yake inapungua. Ndiyo maana tunafanya majaribio, ili tujue hutokea kwa wangapi."

"Kwa hiyo yenyewe ndiyo ile?"

"Yenyewe ndiyo ile, Bi Gawlik."

*

Siku mbili Hilda alikaa kando ya kitanda na hakuweza kumwambia Teofil habari ya bahasha. Alimletea supu, akamnyoa ndevu, akamweleza kwamba Ernest anawalisha njiwa na kwamba wamemnyea koti. Teofil hakumuuliza kuhusu Jumamosi. Mgongo ulikuwa umerudi kwa hasira zote, na alikuwa akizungumza kwa meno yaliyofungwa.

"Nikitoka hapa nitajitoa kwenye yale majaribio," alisema. "Nitauza njiwa. Nikiuza na ile baiskeli, naweza kununua yenyewe kwa mwezi mmoja au miwili. Mwezi mmoja tu nipumzike."

Hilda akakunja taulo. Akalikunjua. Akalikunja tena.

Jumatano daktari Sobczak alikuja na faili, Marzena nyuma yake. Alimweleza Teofil yote, kwa maneno ya adabu, kwamba ameondolewa kwenye utafiti, kwamba watampunguzia dawa kidogo kidogo, na kwamba kwa bahati mbaya plasta zake hazikuwa tupu hata siku moja.

Teofil alitazama dari.

"Hata ile siku niliyoandika saba?"

"Hata siku ile."

"Basi," alisema. Kisha akasema tena, "Basi."

Daktari akainamia faili na kuanza kuandika, na sauti ya kalamu ikasikika chumba kizima.

"Unaandika nini hapo, daktari?"

"Taarifa ya tukio. Ni lazima iende kwa wenye utafiti na kwenye kamati. Naandika kwamba mke wa mgonjwa alificha plasta moja, akambandika mgonjwa bila idhini yake."

"Futa hiyo ya idhini."

"Samahani?"

"Futa. Nilikuwa macho."

Hilda aligeuka. Marzena naye akainua uso.

"Nilikuwa macho," Teofil alirudia. "Nilisikia pakiti inakatwa. Nilisikia anapiga magoti. Nilijua ni nini tangu siku ile aliposema imechanika, kwa sababu mke wangu huyu hachani kitu. Nilinyamaza. Na chupa ya maji niliiomba mimi, yeye alisita. Andika hivyo. Andika mgonjwa alikubali."

Daktari alifikiri, kalamu hewani. Kisha akakata mstari mmoja, akaandika mwingine juu yake, na kumpa Teofil atie sahihi. Alitia, polepole, herufi zote.

Walipotoka, Hilda alibaki amesimama katikati ya chumba na taulo mkononi.

"Ulikuwa macho."

"Nilikuwa macho."

"Siku nne nimeonekana muuaji mbele ya hospitali nzima. Yule mtu wa gari la wagonjwa alinitazama kama mbwa. Nimekaa hapa nakulisha supu, nashindwa kukutazama usoni. Na wewe ulikuwa macho! Kwa nini hukusema kitu palepale, mwanamume wewe? Kwa nini hukufumbua macho?"

"Ningefumbua ungeibandua."

Alimrushia taulo. Lilimpata kifuani, likabaki pale. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani kwa heshima.

Teofil hakuliondoa taulo. "Nikuambie jambo," alisema. "Ile Jumamosi usiku, uliponiwekea chupa, mgongo haukuuma. Sisemi maumivu yalipungua. Hayakuwepo. Nililala kitandani nikasikiliza tramu zinapita, nikakusikia unavyopumua, na nikawa nasubiri yaje, hayaji. Miaka kumi na moja sijalala hivyo. Nilijua pengine kuna kitu hakiko sawa. Sikukuamsha."

Hilda alitaka kumjibu kwa ukali, na ukali aliutafuta akaukosa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafunika uso kwa viganja na kuanza kulia, si kwa ustaarabu, bali kwa kwikwi, kama watu wanavyolia makaburini.

"Usilie," Teofil alimnong'oneza. "Watu wanatazama."

"Watazame."

Akajisogeza kumpa nafasi. Ilimchukua muda, nusu kiganja kwa nusu kiganja, akishika vyuma vya kitanda, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Hilda hakumsaidia, alijua asingependa. Alisubiri mpaka alipomaliza, kisha akavua viatu, akalala pembeni yake juu ya shuka la hospitali na koti lake mwilini. Marzena alichungulia mlangoni kuja kusema kwamba hairuhusiwi. Akawatazama, akarudi zake, na kuvuta mlango.